Waliompongeza Muuaji

Nshombo aliijua kazi ya kutisha watu tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kila Krismasi kanisa lao lilifanya mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu, na kila mara yeye ndiye aliyepewa Herode, maana hakuna mwingine aliyeweza kuutazama umati ukanyamaza. Katika maisha yake alikuwa mshonaji mpole, mtu wa kuwaomba radhi hata kuku akiwakanyaga. Lakini akijifunga lile shuka jekundu sauti yake ilishuka, macho yakawa madogo, na watoto wa kambi waliendelea kumkimbia bombani hata sikukuu ilipokwisha.

Alipohamia Louisville na mkewe Nzigire alipata kazi kwenye ghala, akawa anafunga maboksi kwa tepu na kuyasukuma kwenye mkanda. Kanisa la Wakongo walilolikuta lilikuwa na kwaya nzuri, naye akaimba besi, ila michezo hawakuwa nayo. Miaka ikapita bila mtu yeyote kumwomba awe Herode.

Ndipo Jumapili moja Silvano akaja nyumbani kwao baada ya ibada. Alikuwa mwenzao wa kwaya, kijana wa miaka thelathini hivi, anayehudumia wazee majumbani mwao. Alisema ameandika filamu ya kutisha na anataka kuitengeneza kwa simu yake, na bila Nshombo haitawezekana. Nzigire alikuwa mezani akichambua sombe, majani ya mihogo. Silvano alipofika mahali pa kusema kwamba ni habari ya wanaume wawili wanaopendana, Nzigire aliinuka, akaacha majani pale pale, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nshombo naye alisogeza kiti nyuma. Alimuuliza Silvano kama amekosa jambo lingine la kuonyesha watu. Silvano alimjibu kwa adabu kwamba hamwombi awe mmoja wa wale wawili. Anamwomba awe baba wa mmoja wao, mtu anayeitwa Mzee Petro, ambaye anamnyemelea mpenzi wa mwanawe, anamwua kwa kisu katika gereji, ananawa mikono, kisha anakwenda kanisani kuimba.

"Ule papa ni mtu mubaya," Silvano alisema. "Nataka watu wamuogope, na wamuchukie."

Nshombo aliwaza jambo hilo siku kadhaa akiwa kazini. Herode aliua watoto wachanga, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Nshombo anachukia watoto. Hayo ndiyo maneno aliyompa mkewe. Ukweli ni kwamba hamu ilikuwa imemshika, hamu ya kusimama tena mbele ya watu na kuwabadilisha, na hakuweza kuiondoa. Nzigire alimwambia afanye atakavyo, lakini uchafu huo asiuingize sebuleni kwake.

Walifanya kazi wikiendi, katika nyumba ya kupanga ya Silvano na katika gereji ya rafiki yake. Damu ilikuwa nyanya za kopo zilizochanganywa na rangi ya keki. Ndege za mizigo zilipita juu ya gereji bila kukoma, na kila ilipopita moja Nshombo alilazimika kubaki ameinua kisu hewani hadi ngurumo iishe. Aliyeuawa aliigizwa na Samsoni, dereva wa forklift za kubebea mizigo ghalani, baba wa watoto, ambaye kila alipochomwa alicheka. Kubusiana hakukuwapo. Palikuwa na sehemu moja tu ambayo wale wapenzi wanakaa kwenye kochi na mmoja anaegemeza kichwa begani kwa mwenzake. Nshombo alipoiona inapigwa alitoka nje akasimama penye theluji iliyochafuka, akangoja wamalize.

Siku ya kupiga mauaji Silvano hakuwa amemwandikia Mzee Petro neno lolote la kusema. Nshombo alilitoa mwenyewe. Alifuta kisu kwenye suruali, akamtazama mtu aliyelala chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayezungumza na mke wake: "Ninafagia nyumba yangu." Gereji yote ilitulia. Hata Samsoni aliacha kucheka. Silvano alisahau kuzima simu.

Filamu iliitwa Damu Sebuleni, ingawa damu yenyewe ilimwagika gerejini, na iliwekwa kwenye mtandao baada ya Pasaka.

Maoni ya kwanza yalikuwa yale aliyoyatazamia. Watu waliandika kwamba wametapika, kwamba wameifuta kwenye simu zao, kwamba Wakongo wamepelekwa Amerika ili wakatukanishe jina la Mungu. Wengine walilalamika kwamba sauti haisikiki, kwamba polisi amevaa viatu vya mpira, kwamba nyanya zinaonekana mbegu. Kazini mwanamke mmoja wa Uvira alihamisha chakula chake kutoka meza ya Nshombo. Mchungaji alimwita, akamuuliza kwa huzuni kama hakufikiria vijana wa kanisa. Nshombo alivumilia. Alikuwa amejitayarisha kuchukiwa, na kwa namna fulani chuki hiyo ilimpendeza, maana iliwahi kumjia vile vile enzi za shuka jekundu.

Lakini kidogo kidogo maoni yakageuka. Mtu asiyejulikana alikata kile kipande cha gerejini peke yake, akakisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na kipande hicho kikatembea mbali kuliko filamu. Watu walioandika chini yake hawakuwa wametapika. Waliandika kwamba huyu ndiye mwanaume. Waliandika kwamba Kongo ingekuwa na akina baba kama huyu isingeharibika. Mmoja aliuliza kwa nini hakumalizia na mwanawe. Chini ya swali hilo watu wengi waliweka alama za kucheka na za kupiga makofi.

Nshombo aliyasoma kwenye gari, kabla ya kuingia zamu. Alijiambia ni maneno ya simu tu, watu hawana kazi.

Mwezi wa sita walikwenda Columbus kwa arusi ya Emérence, binti wa dada yake Nzigire. Tangu mlangoni wanaume wasiowafahamu walimshika Nshombo mkono kwa mikono miwili na kumwita Papa Petro. Walimpa kiti cha mbele. Walimletea nyama ya mbuzi kabla hajaomba. Nzigire alinong'ona kwamba amekuwa waziri, naye akatabasamu, kwa sababu ni nani asiyependa kuheshimiwa mbele ya shemeji zake.

Baada ya keki mshereheshaji akatangaza kwamba wana mgeni mkubwa ukumbini, akamwita mbele, akamwekea mikro ya kuongezea sauti mdomoni na kumwomba awaambie watu lile neno la gerejini. Ukumbi ukaanza kugonga meza. Nshombo alimtazama bibi arusi, akamtazama mkewe, na mwili wake ukafanya kazi unayoijua. Mabega yakashuka, macho yakawa madogo. Akalisema.

Walinyanyuka wote. Mama mmoja alipiga vigelegele. Akina baba walirusha vitambaa juu, na watoto waliovaa suti ndogo walilirudia neno lile wakichomana kwa uma za plastiki. Nshombo alibaki ameshika mikro. Enzi za Herode watu walinyamaza, wengine walizomea, na bibi mmoja aliwahi kumtupia ndara. Hakuna aliyewahi kumshangilia Herode.

Alikwenda chooni kunawa uso. Mwanaume mmoja wa rika lake, aliyevaa tai nzuri ya kijani, alikuwa kwenye sinki la pembeni. Alimsalimia kwa heshima, akakausha mikono vizuri kidole kwa kidole, halafu akasema bila kucheka kwamba yeye pia angefanya hivyo hivyo, kwa mtoto wake wa kumzaa, na kwamba kumwona mtu mzima akilisema waziwazi kumemtia nguvu. Akampigapiga begani, akatoka.

Nshombo alitapika nyama yote ya mbuzi.

Njiani kurudi Louisville walivuka Cincinnati. Kisha akamweleza Nzigire habari ya mtu wa tai ya kijani. Nzigire alisema kwamba alimwonya kuhusu filamu ile. Baadaye akauliza kama huyo mtu ana watoto wangapi. Nshombo hakujua.

Alimpigia Silvano, akamwambia aiondoe filamu kwenye mtandao. Silvano alikuwa ameyasoma yote, naye sauti yake ilikuwa imechoka. Alieleza kwamba akiiondoa kitakachobaki duniani ni kile kipande kilichokatwa, bila mwanzo, bila mtoto anayelia, bila polisi anayekuja mwishoni.

"Bon, papa, miye nilifikiri watamuchukia," alisema. "Nilikuomba uwatishe. Sikujua watafurahi."

Wakaagana.

Mwezi wa kumi Hakizimana akapiga simu kutoka Buffalo. Huyu alikuwa jirani yao wa kambini, mlango kwa mlango, ambaye katika mchezo wa Krismasi alikuwa askari wa Herode, na ambaye mara moja alimbeba mgongoni binti wa Nshombo, ambaye sasa ana nyumba yake, hadi zahanati mvua ikinyesha. Alisema mwanawe Ruta amepotea njia na anahitaji mtu mzima wa kumrudisha. Nshombo alidhani ni pombe, au kundi baya. Hakuuliza zaidi. Deni la mgongo ule hata hakulitaja kwa mkewe. Aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari hadi Cheektowaga, kando ya Buffalo, ambako familia ya Hakizimana ilikuwa imenunua nyumba karibu na uwanja wa ndege.

Walimpokea vizuri mno. Uwera, mke wa Hakizimana, alikuwa amepika ugali na samaki, na Hakizimana aliomba sala ndefu ya chakula. Ila Nshombo aliona kwamba Uwera hakai mezani, na kwamba kila gari lililopita barabarani lilimfanya ageuze shingo.

Ruta aliingia jioni mapema, akitoka kiwandani katika mji wa jirani wa Tonawanda, bado amevaa buti za kazi. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye ndevu chache. Aliposhika mkono wa Nshombo, Nshombo aliuhisi wa kijana ukiwa baridi na umelowa, na alipoinua macho alimkuta kijana anamtazama kama watoto wa kambi walivyokuwa wakimtazama bombani.

Hakizimana alimwambia mwanawe akae. Akachukua rimoti, akawasha televisheni, na kile kipande cha gerejini kikajaa ukutani, kikubwa kuliko Nshombo alivyowahi kukiona. Alijiona akifuta kisu. Alijisikia akisema. Mbegu za nyanya zilionekana kweli.

Ruta hakutazama televisheni. Alitazama mikono ya Nshombo iliyokuwa juu ya magoti.

"Sasa muambie," Hakizimana alisema. "Wewe mwenyewe, mbele ya macho yake, ile neno. Miye nimesema mpaka nimechoka, hanisikii. Anaenda kwa ule mwanaume wake, anarudi hapa kula chakula ya mama yake. Muambie vile baba anafanyaka."

Aliongea kwa utulivu wa mtu anayemwomba fundi akaze skrubu. Jambo hilo ndilo lililomchafua Nshombo moyo kuliko maneno yenyewe. 

"Zima hiyo kitu," alisema.

Hakizimana hakuzima. Nshombo aliinuka, akatafuta kitufe, hakukipata, akachomoa waya ukutani.

Alimwambia Hakizimana kwamba yule mtu wa kwenye filamu ni mchafu. Alimwambia kwamba Samsoni alipokwisha kuuawa aliamka, akaoga, akaenda kuwachukua watoto wake shule, na kwamba katika nyumba hii hakutakuwa na mtu wa kusema basi, tumemaliza, amka. Sauti ilimtetemeka, si kwa ustadi wowote.

"Kwa hiyo unamutetea," Hakizimana alisema.

"Sijui kumutetea. Mambo yake siyaelewi. Nikiyawaza, tumbo yangu inakataa, sitakudanganya. Lakini hii unaniomba, Hakizimana, hii ndiyo inanitapisha. Umenitoa Louisville nikuje kumuambia mtoto wako kwamba utamuua."

"Nilikuita kama ndugu."

"Nimekuja kama ndugu. Ndiyo sababu ninakukatalia."

Hakizimana alisimama, akamwonyesha mlango. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakujua kumbe naye amekwisha oza, na kwamba watu wa Columbus wangemwona sasa wangemtemea mate. Nshombo alichukua koti lake. Ndipo Ruta naye akainuka, akapanda juu, akashuka na begi la mgongoni. Baba yake alimwambia kwamba akivuka kizingiti asirudi. Ruta alisimama pale kwa muda, buti zake juu ya zulia la mlangoni, kisha akavuka.

Uwera aliwafuata hadi kwenye gari akiwa na sufuria la samaki lililofungwa kwa kitambaa. Alimpa mwanawe kupitia dirishani. Alirudi nyuma polepole sana, akiwa bado ametazama gari, mpaka kisigino chake kikagonga ngazi.

Ruta aliomba apelekwe Tonawanda, kwa mtu wake. Nshombo aliendesha. Hakujua aongee nini na mtu wa namna hiyo, akawasha redio, akaizima. Ni Ruta aliyeanza, kwa Kiingereza, kama vijana wao wanavyojibu siku zote. Alisema ameitazama filamu nzima, si kile kipande tu. Ilikuwa mbaya. Taa zilikuwa mbaya, sauti ilikuwa mbaya, na wale wapenzi wawili walikaa kwenye kochi kama watu wanaongoja daktari wa meno. Alisema mwenye kujua kuigiza alikuwa mmoja tu.

Halafu akageukia Kiswahili, polepole.

"Nilijua ni mchezo. Ninakujua tangu niko mudogo. Lakini ulipoingia leo, nilifikiri papa amekuleta ufanye kweli."

 Nshombo aliendesha kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Huko Tonawanda, nyuma ya viwanda, mwanaume mmoja aliyevaa fulana na kandambili alikuwa amesimama kwenye varanda katika baridi ya vuli, akingoja. Alipomwona Ruta alikuja mbio akampokea begi. Hawakushikana. Walitazamana tu, na Nshombo akajikuta ameangalia pembeni, kwa mazoea, halafu akajilazimisha kurudisha macho. Ruta alimpungia mkono. Naye akapunga.

Aliporudi Louisville alimwomba Silvano ampige video nyingine, fupi, bila kisu wala nyanya. Alikaa kwenye kiti, akasema jina lake halisi, akasema kwamba Mzee Petro ni muuaji, na kwamba mtu anayempongeza asimpongeze tena mbele yake. Alisema pia kwamba amekutana na baba aliyetaka kumtumia kumtishia mtoto, na kwamba jambo hilo limemchukiza kuliko chochote alichokiona tangu vitani. Hakutaja majina.

Waliompenda wakamgeuka ndani ya saa chache tu. Ndugu mmoja aliandika kwamba wazungu wamemlipa. Mwingine aliandika kwamba hata sura yake sasa inatia kinyaa. Mtu wa Columbus aliyekuwa amempigia makofi aliomba picha waliyopiga pamoja ifutwe. Nshombo aliyasoma hadi mwisho, akihesabu kama kuna hata mmoja aliyesema ameelewa. Alimpata mmoja, lakini alikuwa anauza dawa za nywele.

Hakizimana hakupiga simu tena. Uwera ndiye aliyepiga, kwa Nzigire. Alieleza kwamba siku za Jumamosi anasema anakwenda dukani, kumbe anapanda basi hadi Tonawanda na kupika katika jiko la mwanawe. Yule mwanaume mwingine huwa anatoka nje ili kumwachia nafasi, na mara ya mwisho Uwera alimwita arudi ndani kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Hakukaa naye meza moja. Alimpa sahani akala amesimama. Nzigire alisikiliza yote hayo, akajibu tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo." Kisha akakata simu na kukaa kitandani bila kuwasha taa.

Kanisani wazee walikutana, wakaamua kwamba Nshombo apumzike kuimba, na Silvano pia. Hawakusema ni kwa filamu au kwa video, na huenda wao wenyewe hawakukubaliana. Jumapili iliyofuata alikwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kwaya ilisimama, Silvano naye hayumo, na wimbo ukaanza bila besi. Katikati ya ubeti wa pili Nzigire, aliyekuwa mstari wa mbele na sare yake ya bluu, alifunga kitabu cha nyimbo, akashuka, akatembea kwenye ujia huku watu wakimtazama, akaja kukaa kando ya mumewe.

Alikuwa amekasirika. Alipumua kwa pua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Ile filamu bado ni uchafu," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Basi," alisema, akasogea kumpa mtu aliyechelewa nafasi ya kupita.